Giaboksi Niliyokataa Kuipeleka Dar

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa karai la dizeli, brashi na rundo la gia zilizojaa mafuta meusi, nikaambiwa nizioshe. Ilikuwa karakana ya shamba la mkonge, upande wa Miono, na mkuu wetu tulimwita Foromani tu, kwani hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Nilipomaliza kuosha alinifumbisha macho, akaniwekea gia mkononi, akaniamuru nipapase meno yake kwa kidole gumba. Gia nzima jino lake lina kona kali. Iliyochoka jino lake limeviringana kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Nilipapasa gia wiki tatu mfululizo. Nilimchukia mtu yule, na karibu kila ninachokijua nimekipata kwake.

Kila lilipoingia gari lenye ugonjwa mgumu, Foromani alitwambia neno moja. "Likikushinda, sema limekushinda. Litapelekwa kwa mwingine, na wewe utakula ugali wako kama jana."

Kutoka pale nilihamia Vigwaza, kwenye yadi ya mkandarasi wa barabara, chini ya Mhandisi Mkuu aliyetaka kila nati iliyofunguliwa iandikwe. Huko ndiko nilikoanza kushusha giaboksi peke yangu. Kwanza unafungua propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Unaweka jeki chini ya giaboksi, unatoa boliti zinazoishika na injini, kisha unaivuta taratibu. Ukiwa na haraka itakuangukia kifuani. Madereva wa malori wakawa wanaulizia Fundi Kibwana hata kabla hawajazima injini. Sifa zile ziliniingia kichwani, na hazikutoka tena.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bagamoyo mjini, kwenye kiwanda cha barafu, nikiwa fundi mkuu. Dereva wa pikapu yetu alikuwa Shomari, mume wa Mwanaidi, jirani yangu nyumba ya tatu. Yeye alipeleka barafu na samaki gulioni Miono. Asubuhi moja alinipa shikamoo, akaniambia gia ya pili inachomoka. Maana yake ni kwamba unateremka kilima, gia imeingia vizuri, ghafla inajitoa yenyewe na gari linabaki huru, halishikwi na injini.

Meneja, kijana mwenye adabu, alinijia karakanani. Alisema Dar kuna fundi asiyefanya kazi nyingine ila giaboksi, akaniuliza kama tuipeleke huko. Nakumbuka nilivyomjibu, tena mbele ya watu: "Meneja, giaboksi yangu haijawahi kuvuka daraja la Mpiji kwenda Dar." Wakacheka, nami nikafurahi.

Niliishusha. Nikapapasa gia ya pili, jino limeviringana. Mpya ya aina ile sikuipata mjini, nikatoa nyingine kwenye pikapu mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya kiwanda. Kidole gumba kiliniambia kwamba hiyo nayo imeanza kuchoka. Niliifunga hivyo hivyo. Baada ya siku nne Shomari akarudi: inachomoka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema imenishinda. Kiwanda kizima kilikuwa kimeniona chini ya gari lile siku tatu, na kuishusha tena kulikuwa kama kuvua nguo sokoni. Nikakata ukanda wa mpira kwenye tyubu kuukuu, nikaufunga kwenye mguu wa kiti cha dereva na kuuachia kitanzi. Madereva wa huku kwetu wanaujua sana ujanja huu: ukishaingiza gia unavisha kitanzi kwenye kigingi cha gia, mpira unakivuta kisitoke. Nikamwambia Shomari aendeshe hivyo, na baada ya Idi nitaishusha. Alisema gari sasa limefungwa kama mbuzi, akaondoka. Mpira ule haukuponya kitu. Uliondoa dalili tu, na meno yakaendelea kulika bila mtu kujua.

Idi ilikuwa bado siku sita. Shomari aliteremka na shehena kamili ya barafu kwenye kilima kirefu cha njia ya Miono, gia ikachomoka, mpira ukakatika. Breki peke yake haziwezi kuushika uzito ule. Tulipofika, pikapu ilikuwa imelala ubavu korongoni, barafu inayeyuka juu ya majani, na yeye ameshafunikwa khanga ya mtu. Nilichungulia ndani. Kipande cha mpira kilikuwa bado kimening'inia kwenye mguu wa kiti. Askari wa usalama barabarani aliniuliza breki zilikuwaje. Nikamjibu habari za breki.

Msibani kila mtu alisema siku zake zilifika. Shekhe alisema, majirani walisema, Meneja naye akasema. Nilikaa kwenye jamvi nikingoja mtu mmoja tu aniulize habari za giaboksi, na hakutokea. Watu wetu hawamhoji Mungu, na mimi nilijificha nyuma yake.

Mwezi ule ule niliomba kustaafu. Mafundi vijana wakinijia kuuliza gari fulani walifungue wenyewe au walipeleke kwa mwingine, huwauliza ni nani atakayeliendesha, na kama wanamjua mkewe. Huniona mzee mkorofi.

Mwanaidi alikuwa bado ndani ya eda nilipokwenda kwake. Sikuruhusiwa kumwona, nikakaa barazani na mama yake, Bi Zuhura, aliyekuwa akisuka ukili. Nilizungumza nikielekea pazia ili mjane asikie. Nilieleza yote: Dar nilikokataa kuipeleka giaboksi, gia iliyochoka, mpira, na jibu nililompa askari. Nikasema, "Mwanangu, si siku zake. Ni mimi. Naomba radhi yako."

Bi Zuhura akainuka, akaingia, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliketi palepale na kuuchukua ukili wake.

"Amesema amesikia," akaniambia.

Nilingoja neno la pili mpaka ikaadhiniwa alasiri. Halikuja, na sijawahi kuliomba tena.