Adapta ya Volti Kumi na Mbili

Mtaa mzima ulimwita Fundi Volti, na jina lenyewe alijitafutia. Ukimpelekea redio iliyoungua, hagusi bisibisi kabla hajakuhubiria. Plagi kuingia kwenye tundu si ruhusa, atakwambia. Kifaa cha volti tano ukikipa kumi na mbili, aisii yake, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo, haikupi nafasi ya kuomba radhi. Inakufa papo hapo. Wateja walimsikiliza huku wakiutazama mlango.

Siku hiyo mezani kwake palikuwa na kifaa cha kusikilizia cha mama mkwe wake, ambaye masikio yalikuwa mazito, kimo ndani ya kikasha chake cha kuchajia. Watoto wote wa yule mama walikuwa wamechanga kukinunua, na tangu akipate alikuwa mtu mwingine, anacheka pamoja na wenzake bila kungoja kurudiwa maneno. Waya wa kikasha ulikuwa umelegea tu. Fundi aliuchomelea mara moja, ikabaki kukijaribu.

Hapo akaingia jirani yake, fundi cherehani, na redio iliyokufa pamoja na adapta iliyoiua.

Fundi Volti akaidaka ile adapta, akaichomeka ukutani, akaipima. "Umeona? Kumi na mbili, na redio yako inataka tano. Nyie watu mnachomeka tu, ili mradi imeingia."

"Lakini iliingia vizuri," fundi cherehani akajitetea.

"Kuingia kitu gani? Hata hapa itaingia. Tazama."

Akaichomeka kwenye kikasha cha mama mkwe. Ni kweli, iliingia vizuri. Kukatoka moshi mwembamba.

"Fundi," jirani akasema taratibu, "na yangu ilinuka hivyohivyo."

Fundi Volti akakifungua kikasha, akakifungua na kifaa chenyewe. Vyote vilikuwa vimeungua, na aisii za namna ile hazipatikani kokote. Akavifunga tena, akarudi nyumbani na maneno ya kuomba msamaha aliyoyapanga njia nzima.

Mama mkwe akakipokea kifaa chake, akakivaa sikioni kabla hajaambiwa lolote.

"Mama, kimepona?" mkewe akauliza.

Yule mama akaitazama midomo ya binti yake, kisha akamtazama mkwewe anavyotoka jasho. "Kimepona kabisa, mwanangu. Mumeo fundi kweli."

Fundi Volti akayameza maneno yake yote. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Tangu hapo, kila jioni huketi mbele ya mama mkwe akamweleza habari za volti, polepole, kwa sauti kubwa. Mama humsikiliza mpaka mwisho wala hautazami mlango. Fundi hajawahi kupata msikilizaji kama huyo.

"Mbona unamfokea mama hivyo," mkewe aliuliza jana, "na kifaa si kimepona?"

"Mazoea tu," akajibu, macho chini.

Mama mkwe, ambaye hakusikia swali wala jibu, akaitikia kwa kichwa.