Ngozi ya Dola ya Fedha

Baba yangu alijua kuchagua dola za fedha kabla hajajua kusoma gazeti. Alimpikia daktari mmoja Mmarekani wa misheni, huku kwetu Bomet, kwa miaka mingi, na daktari huyo alikuwa na wazimu wa sarafu za zamani. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alimwita baba mezani akamwonyesha ipi ni ya kununua na ipi ni ya kuacha. Alipofungasha kurudi kwao alimwachia dola tano, akamwambia asiziuze ovyo kwa sababu zitapanda bei. Baba mwenyewe alikuwa ametarajia kupewa saa ya mkononi.

Hata hivyo alizitunza, na sisi watoto tulifundishwa dola hizo kama wenzetu walivyofundishwa Amri Kumi. Jumapili baada ya kanisa alinawa mikono, akafungua mkebe wa kakao, akazipanga juu ya kitambaa. Kila moja ilikuwa na kichwa cha mwanamke mnene upande mmoja na tai upande wa pili. Ukisema zote ni sawa, baba alikasirika. Kwanza tazama mwaka, alisema. Kisha geuza, tazama chini ya mkia wa tai, uone kama kuna herufi ndogo. Hiyo ni alama ya mji ilikotengenezwa. Halafu tazama nywele za huyu mama juu ya sikio, na kifua cha tai, maana huko ndiko kunakolika kwanza sarafu ikipita mikononi mwa watu. Kama manyoya ya kifua yanahesabika, nunua. Kama kifua kimekuwa laini, achana nayo.

Nne kati ya zile tano zilikuwa za kawaida, vifua vimelika. Moja ilikuwa na herufi mbili chini ya mkia, C na C, za mji uliotengeneza dola chache, na manyoya yake yote. Hiyo tulitazama kwa macho tu. Ilikuwa na weusi uliokaribia bluu pembeni, na baba alisema hiyo ndiyo shamba letu lingine.

Mama hakuwa na habari nazo. "Hiyo chuma yako haitoi maziwa," alimwambia, na akaendelea na kazi yake.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati mama alipoanza kushindwa kumeza. Ilianza na ugali, ikaja kwa viazi, ikafika kwa uji. Kwetu ugonjwa huo hauulizwi jina, kila boma lina mtu uliyemchukua. Hospitali walituambia hawawezi kumponya, ila wanaweza kumwekea mpira kooni ili chakula kipite. Bila huo mpira angekufa kwa njaa, akiwa kwenye nyumba yenye chakula. Ndivyo walivyotuambia, na mimi sikulala vizuri tena. Nilikuwa kifungua mimba wao, nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, na kazi yangu ilikuwa kuchuma chai yetu na kumwangalia mama akikonda.

Baba akasema wakati wa dola umefika. Zile nne hakuzitegemea. Alitegemea ile ya herufi mbili, na kwa hesabu yake ingelipia mpira, kitanda na dawa, na bado ng'ombe wetu wawili wangebaki.

Siku moja kabla ya safari ya Kericho tulikuwa sote shambani tukichuma chai. Tuliporudi tulimkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, majivu yamempanda hadi viwiko. Mbele yake kulikuwa na sahani, na ndani ya sahani dola tano zikiwaka kama vifuniko vya sufuria mpya. Alikuwa ametumia jivu, mchanga laini na gunzi la mahindi. Alikuwa anahema.

"Mlitaka kupeleka kitu chafu hivyo kwa watu?" alisema. "Wangesema hii boma haina mwanamke."

Kwetu hakuna anayepeleka kibuyu cha maziwa kwa mwenzake kabla hakijasuguliwa, na vibuyu vya mama vilisifiwa hadi kanisani. Ilikuwa imepita miezi tangu mikono yake ifanye kazi yoyote. Baba aliinua ile ya herufi mbili, akaigeuza juani, akacheka. "Sasa hizi zinaonekana ni pesa," alisema. Mimi pia nilicheka. Mwaka ule hatukuwa na siku nyingine ya furaha.

Kericho tulikwenda kwa fundi wa saa aliyekuwa akinunua vitu kuukuu vya fedha. Watu wake walitoka upande wa Mlima Kenya, na miaka ile watu wetu na watu wao walikuwa wamechomeana nyumba, wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Majirani walimwambia baba atanyolewa bila maji. Niliingia mle dukani hasira ikiwa tayari imeiva.

Fundi alibandika lenzi jichoni. Zile nne alizipitia haraka, mwaka, mkia, kifua, akazisukuma kando. Ya tano aliigeuza, akaona herufi, akaacha kuongea na mteja mwingine aliyekuwa pale. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Alipogeuka uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mzee, ni nani alisugua hii?"

"Imeoshwa tu," baba alisema.

"Hapana mzee. Imesuguliwa. Chukua lenzi uone."

Baba aliangalia, kisha akanipa mimi. Shavu la yule mwanamke lilikuwa limejaa michirizi ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, kama sakafu iliyopigwa brashi ngumu. Herufi zilikuwepo. Manyoya yalikuwepo. Juu yake kila mahali palikuwa na mikwaruzo ya gunzi.

"Watu wa kununua hii wanataka ile ngozi ilizaliwa nayo," fundi alisema. "Ingekuja na weusi wake, leo ningepigia mtu Nairobi simu. Sasa ni fedha tu. Nitaipima kwa mizani kama bangili."

Nilimwita mwizi. Nilisema mambo mengine pia, ya kabila lake, ambayo wakati ule yalikuwa yanasemwa hovyo. Alivuta droo akatoa dola yake mwenyewe, nyeusi, ya kawaida, akaiweka kando ya yetu. Baba aliinama juu ya zile mbili akizilinganisha. Maisha yetu yote yeye ndiye aliyetufundisha kutazama sarafu. Alirudisha lenzi mezani polepole, akasema, "Weka kwa mizani."

Kilichopatikana kilitosha nauli na dawa za maumivu.

Hadi leo nina kinyongo na yule daktari. Alimfundisha baba mwaka, herufi, nywele na kifua. Kutosugua hakumwambia. Nadhani haikumpitia akilini kwamba kuna nyumba ambako kitu cha thamani husafishwa kwa jivu kabla ya kutolewa.

Nje ya duka baba alinishika mkono. "Mama yako asijue," alisema. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari.

Nyumbani mama aliuliza kabla hatujakaa.

"Yule fundi alishangaa," baba akamwambia. "Alisema hajawahi kuona dola safi namna hiyo."

"Alishangaa vipi?"

"Alienda nayo mpaka mlangoni."

Mama akafunga macho akitabasamu. Wiki hiyo baba aliswaga ng'ombe wote wawili hadi Sigor, mbali, ambako hakuna wa kumletea mama habari, akawauza. Mama aliambiwa wamepelekwa kwa kaka yake kwenye nyasi. Kila asubuhi alitega sikio upande wa zizi, kisha akaniuliza kama nyasi za huko bado ni nzuri. Nilimwambia ni nzuri sana.

Mpira uliwekwa. Alimeza uji na maziwa tuliyonunua kwa jirani, na kwa miezi kadhaa alikaa nasi akiwa mama yetu. Kisha akafa.

Siku ya mazishi dada yake alisimama akawaeleza watu habari za dola. Alisema mwanamke huyu alilipia koo lake mwenyewe, kwa mikono yake, kwa jivu na gunzi, akiwa hawezi hata kusimama. Wanawake walilia kwa sauti. Nilimtazama baba, na sijui niliogopa aseme au nilitaka aseme. Mchungaji alimuuliza kama ana neno la kuongeza.

Baba alisimama, kofia mkononi.

"Dola nilikuwa nazo miaka mingi," alisema. "Mimi sikujua kuzitunza. Yeye ndiye alijua."

Watu wakasema amina, na mimi nikasema pamoja nao.