Namba Iliyomponyoka Mama Mdogo

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, ni mpokea simu katika kampuni ya matanki ya maji. Meza yake iko mlangoni. Simu ikilia anataja kampuni, anauliza shida, na kabla hujaaga anakukariria namba ya ofisi usije ukaipoteza. Ana sauti ya asali. Nyumbani tunamwita Redio.

Mwaka juzi meneja wao alipania kuweka banda kwenye maonyesho ya biashara, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Akamwambia mama mdogo, "Wewe mdomo unao. Nenda ukachungulie maonyesho ya mwaka huu. Ukiniletea habari za maana, banda la mwakani utalisimamia wewe, na hapo mezani hurudi tena."

Kuondoka kwenye ile meza! Hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Nilikuwa likizo, akanichukua.

Nilidhani tunakwenda kutembea, kumbe kuna kazi. Mabanda makubwa ya mbele, yenye muziki, aliyapita kama hayaoni.

"Tazama mikono yao," alininong'oneza.

Kweli, watu wamebeba mifuko ya bure, watoto wameshika maputo.

"Hawa wamekuja kupunga upepo. Nani atanunua tanki hapa?"

Tukazunguka mpaka viatu vikaniuma, tukatokea geti la nyuma, yanakoingilia malori. Pale walisimama mafundi ujenzi, viatu vimeganda saruji, wakibishana bei za nondo. Mama mdogo akanifinya mkono.

"Banda letu litakaa hapa. Na tanki tutalipasua katikati, wauone unene kwa macho yao."

Ikabaki kuwapeleleza wapinzani. Akaingia banda la kampuni nyingine ya matanki, akajifanya mkandarasi anayejenga shule. Jamani, alivyohoji! Bei ya jumla, usafiri, tanki likivuja nani anagharamia. Muuzaji anajibu huku meno yote yako nje.

"Mama, niachie namba, nitakutafuta mwenyewe."

Mama mdogo akafungua kinywa, na kwa ile sauti ya asali akaikariri namba. Ya ofisi. Hakukosea hata tarakimu.

Tulipotoka nje akasimama ghafla. "Hivi nimempa namba gani yule?"

Jumatatu muuzaji akapiga. Mama mdogo alikuwa ametumwa benki, simu ikapokelewa na meneja, akataja kampuni kwa kujivuna. Muuzaji akalirudia jina la kampuni kwa sauti, wenzake wasikie. Kisha kicheko, tena cha watu wengi.

"Umenivua nguo sokoni," meneja alimwambia aliporudi. "Mpelelezi gani anaacha anwani? Kaa na simu yako, ndiyo unayoiweza."

"Sawa bosi, nimekosa. Lakini yale niliyoyaona kule..."

"Hayo niandikie, uniwekee mezani."

Akaandika. Angefanyaje?

Mwaka jana banda likasimama. Geti la nyuma. Tanki limepasuliwa katikati. Shule ilitupeleka maonyesho, nikaliona mwenyewe: mafundi wamelizunguka, wanaupapasa unene, na msimamizi, shemeji wa meneja, anapigwa picha. Nikamuuliza ni nani aliyewaza kulipasua tanki.

"Huo ni utaalamu, dogo," akasema, akarekebisha tai.

Mchana ule ule nilipita ofisini, nimevimba kwa hasira, nimwambie mama mdogo kila kitu. Nikamkuta kwenye simu, anamwelekeza mteja aliyepotea huko huko maonyesho.

"Usisimame kwenye muziki, baba. Pita mabanda makubwa yote, nenda mpaka geti la nyuma, yanakoingilia malori. Utaona tanki limepasuliwa katikati. Ndiyo, hapo hapo. Ukipotea tena piga namba hii."

Akaikariri. Akakata, akanitazama.

"Wamejaa?"

"Wamejaa, mama mdogo."

Akafungua mdomo aseme neno. Simu ikalia.