Daftari la Chumba cha Kusomea

Philemon Oloo aliletwa Nyeri mwaka wa 1955, wakati wa hali ya hatari, kufungua nyumba ambayo hakuna mwenyeji aliyeiomba. Ilikuwa ya mawe, katikati ya mji, kando ya maduka yaliyokuwa yamefungwa tangu wenyewe wakamatwe. Serikali ilitaka mji uchangamke tena: upande mmoja ukumbi wa kuimbia na kuigiza, upande wa pili chumba cha kusomea, na alasiri mafunzo ya kuchora na kushona. Philemon, mwalimu Mjaluo kutoka Gem, akapewa funguo, vitabu mia mbili na daftari la kuandika majina ya watakaokuja.

Wiki tatu hakuja mtu. Alifungua madirisha asubuhi, akapangusa meza ambazo hazikuwa na vumbi, akakaa. Wapita njia wakifika mlangoni waliinamisha macho. Jioni alirudi mtaa wa Majengo, kwenye chumba alichopanga kwa Mzee Shee, akasonga ugali wa mtu mmoja. Mkewe, Phelister, alikuwa amebaki nyumbani na watoto.

"Wanakuogopa," Shee alimwambia. "Wewe si wa kwao, na mshahara wako unatoka kwa Bwana Disii wa wilaya. Ungekuwa wewe, ungeingia?"

Wa kwanza kuingia alikuwa Monicah Ngendo, mfuaji nguo wa hospitali. Alisimama kizingitini, kibali chake cha kuingia mjini mkononi.

"Hii nyumba ni ya kuuliza watu maswali?"

"Ni ya kusoma tu, mama."

"Basi nifundishe kusoma barua. Bwana yangu ako kizuizini Manyani. Barua yake nasomewa na karani ya chifu, na iko maneno sitaki karani asikie."

Akaanza naye herufi moja moja. Baada yake akaja Kingori, fundi wa cherehani, aliyetaka kujua kuchora mishono kwenye karatasi. Kisha wakaja wengine, wawili leo, mmoja kesho, mpaka daftari likawa na majina thelathini na moja. Hawakuwa rafiki zake. Walikuwa wakiongea Kikikuyu, na alipokaribia walinyamaza. Saa zao za kibali zikikaribia kwisha waliondoka mbio, naye akabaki akirudisha viti. Hata hivyo, miezi ile alilala vizuri.

Januari akaja afisa mmoja kijana na askari wawili. Ilikuwa asubuhi, wasomaji wako kazini, chumba kitupu.

"Nimesikia humu watu wanapeana habari za waasi wa msituni," afisa akasema. "Nataka majina ya wote wanaokuja."

Philemon alijua majina yale yangefika wapi. Daftari lilikuwa ndani ya mtoto wa meza, sawa na goti lake.

"Sina majina, bwana. Hakuna anayekuja."

"Miezi yote hii?"

"Hakuna. Watu wa hapa hawataki."

Afisa akacheka, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyowadhania watu wa Nyeri siku zote, akaondoka bila kupekua. Siku hiyo Philemon alichana kurasa na kuzichoma kwenye jiko la Shee.

"Unachoma nini?" Shee akauliza.

"Kazi yangu."

Haikupita wiki mbili, barua ikaja. Kwa kuwa hakuna watu, nyumba itakuwa ghala la mablanketi, na Oloo ataenda Naro Moru kufundisha watoto wa polisi. Siku ya mwisho Monicah alimkuta akitia kufuli, askari amesimama kando yake.

"Mwalimu, kwa nini?"

"Serikali imesema watu hawaji."

"Lakini sisi tunakuja. Nani aliambia serikali hatuji?"

Philemon akamtazama askari, kisha akatazama kufuli.

"Ni mimi," akasema.

"Sawa," Monicah akasema, akashika njia ya hospitali.

Naro Moru kulikuwa na baridi na shule ya chumba kimoja. Alikaa huko miaka mitatu. Alikuwa na watu wa kusalimiana nao, lakini hakuwa na wa kuzungumza naye. Mwaka wa 1958 akasikia kwamba nyumba ya Nyeri imefunguliwa tena, chini ya mtu mwingine. Siku moja, akienda Karatina kwa lori, dereva alisimama mjini Nyeri kutia maji, naye akashuka. Madirisha yalikuwa wazi. Ukumbini wanawake walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo, na mlangoni foleni ya vijana walioshika vitabu. Monicah alitoka na chaki mkononi. Sasa yeye ndiye aliyefundisha wanaoanza.

Alimwona Philemon. "Habari," akasema, kama anavyosalimiwa mgeni, akarudi ndani.

Miaka mingi baadaye, Phelister alimuuliza kwa nini siku ile alipomwona tena hakumweleza Monicah sababu ya uongo ule.

"Lori lilikuwa linaondoka," Philemon alijibu.