Posa ya mjukuu wangu ilikwama kwa ajili ya gemu ambayo haijatoka

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu mtakuwa wawili au hakuna.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani ya kusomea, kwa hivyo mwenye haraka apite. Nitakayosema wallahi ni kweli. Wahusika wengine wasoma humu humu, wanisahihishe wakiweza.

Mimi ni nyanya wa Likoni. Shule niliishia darasa la tatu. Mambo ya gemu nimeyajua mwaka huu, goti liliponifungia ndani na mjukuu wangu Mwanaisha akaona nitamaliza ugomvi wote wa mtaa nikikaa bure. Akanifungulia laptopu yake.

Gemu yenyewe yaitwa Bandari ya Kutu. Bado haijatoka. Wametoa demo tu, kama mwuza halua akukatie kipande uonje. Watengenezaji ni vijana wa hapa hapa Kenya na maneno yake ni ya Kiswahili. Kiswahili cha bara, lakini chaeleweka.

Ni zile za hadithi, si za kupigana risasi. Watembea mjini, wazungumza na watu, wachagua la kusema na la kufanya, na kila ulichochagua huandikwa.

Huitazama kwa juu, upande upande, kama umesimama roshani ya ghorofa wachungulia ua wa jirani. Ukiingia nyumba ya mtu, paa latoweka. Waona mpaka kitanda.

Hilo la paa sikulipenda tangu siku ya kwanza. Ua wa mtu ni wa mtu.

Na kuingia kwenyewe, wabonyeza mlango, umeingia! Hodi hakuna. Basi mie nikawa nasimama mlangoni, napiga hodi kwa sauti mara tatu kama tulivyofunzwa. Asipojibu mtu, naondoka.

Mwanaisha akaniambia, "Nyanya, hawasikii hao."

Nikamwambia, "Mimi najisikia."

Nilicheza siku tisa, nyumba hata moja sijaingia. Nazunguka sokoni tu, nasalimu watu. Mchezo mzuri sana.

Sasa ndipo posa ikaja.

Mwanaisha ana miaka ishirini na saba, afanya kazi ofisi ya mizigo kule Airport. Babake ni marehemu, nimemlea mimi. Walii wake wa kumwoza ni ami yake, mwanangu wa pili, lakini huyo husubiri mama aseme. Kijana aliyeposa ni Abdalla wa Mikindani, fundi wa makontena ya baridi. Posa ililetwa na Mzee Shee, ami ya Abdalla.

Kwetu posa ikija, watu huulizia. Nimeuliza msikitini kwao, nimeuliza jirani zao, nimeuliza hata anapokunywa chai. Wote jibu moja, kijana mzuri. Watu wote wakijibu sawasawa, mie huhesabu hakuna aliyejibu.

Nikaona nimkalishe mbele ya laptopu.

Alipoiona akaruka. "Nyanya! Na wewe waingoja hii? Mimi naingoja mwaka wa pili huu!"

Nikasema moyoni, vyema, leo nitakujua.

Wakuu, robo saa haikwisha. Nyumba tano, hodi sifuri. Alifungua makasha ya watu kama kayaweka yeye. Kachukua mshumaa. Kachukua kijiko. Kachukua mkate wa bi kizee aliyekuwa amekaa pale pale amtazama. Nyumba ya mwisho, mlango wa buluu, kulikuwa na mwanamume amelala, viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda.

Kavichukua.

"Abdalla."

"Naam, nyanya."

"Umechukua viatu vya mtu aliyelala."

"Ndiyo, hivi vyauzika vizuri."

"Na kijiko?"

"Kijiko chaweza kufaa mbele, nyanya. Huwezi kujua."

"Na mkate wa bi kizee?"

"Huo nimeshaula."

Nikafunga laptopu. Na asije mtu hapa kuniambia eti ni gemu tu. Ilimwuliza wazi, chukua au acha, naye akabonyeza chukua bila hata kupumua.

Habari zikamfika Mzee Shee kuwa posa nimeisimamisha, akaja mbio na Abdalla. "Bi Zuhura, tumekosa wapi?"

"Kijana wenu ni mwizi wa viatu."

Mzee akamgeukia Abdalla. "Astaghfirullah! Umeiba viatu? Msikiti gani?"

"Si msikitini, ami. Ni Bandari ya Kutu."

"Ndiyo wapi huko?"

"Hakuko, ami."

"Hakuko, na umeiba?" Mzee wa watu jasho lamtoka. "Virudishe leo hii!"

"Haiwezekani. Demo imekwisha, na hairudi nyuma. Mpaka gemu itoke."

Watengenezaji wenyewe walikuwa wametangaza kwamba ulilofanya kwenye demo litaendelea kwenye gemu kamili. Basi nikatoa sharti mbele ya wote: gemu ikitoka, Abdalla atafungua pale pale alipoachia, arudishe viatu, aombe radhi, na mimi nimekaa naona. Siku hiyo watapata jibu.

Nilidhani ni wiki mbili.

Walisema itatoka kabla ya Ramadhani. Haikutoka. Wakasema baada ya Idi. Idi ikapita, tukaambiwa yarekebishwa.

Kila mwezi Mzee Shee yuaja na wazee wawili wa kanzu. Hapo kwanza walikuwa wakiuliza tu, "Imetoka?" Halafu Mzee Shee akajiunga na kundi la simu la wanaoingoja. Sasa yuaja na habari.

"Bi Zuhura, wanasema kumebaki vivuli. Jua likizama, vivuli vyaenda upande usio wake."

Mzee wa pili, kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Ah, vivuli si kazi ya mchezo. Hiyo mwezi mzima."

Wa tatu akakasirika. "Si watoe hivyo hivyo! Nani ana haja na vivuli?"

Wakabishana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Posa hawakuitaja.

Mwezi wa tano wa kungoja wakaja na tangazo jipya, na Abdalla naye wamemleta. Mzee Shee akalisoma kwa simu, ameiweka mbali na macho. Lasema gemu itatoka itakapokuwa tayari.

"Kama jibu lako tu, Bi Zuhura," akaniambia.

Hapo Mwanaisha akatoka jikoni. Amefunga leso kiunoni, na huyo mtoto akifunga leso kiunoni mie hujua.

"Nyanya, mimi naolewa na Abdalla au naolewa na gemu?"

"Waolewa na mtu ambaye..."

"Basi tutazame na yako wewe."

Akafungua nilipoachia mimi, mbele ya wazee, akaipeleka mbio mpaka mwisho wa demo, nyumba za watu kaziacha kama nilivyoziacha mimi. Mie huko mwisho sikuwahi kufika, nilikuwa milangoni. Kumbe kuna orodha ya watu wa mji na yaliyompata kila mmoja. Mwanaisha akasoma.

"Mtu wa mlango wa buluu. Alishikwa na homa. Alifia ndani, peke yake."

Wakuu, ule mlango naujua. Nilipiga hodi pale mara tatu, nikarudi kesho yake nikapiga tatu tena. Hakujibu, nikaenda zangu nimeridhika na adabu yangu. Kumbe hakuweza kujibu.

Abdalla akafungua ya kwake, akasoma kwa sauti ndogo, hakutaka hata kunitazama. Yule mwenye viatu hakuwa amelala, alikuwa mgonjwa. Abdalla alimnywesha dawa kwanza, viatu baadaye. Dawa nayo kaiba nyumba ya pili. Mie sikuona, macho yangu yalikuwa chini ya kitanda.

Yake yaandika hivi: "Alipona. Anatafuta viatu vyake."

Mzee Shee akakohoa.

"Bi Zuhura, wako amekufa na viatu vyake."

"Nimesikia, Mzee Shee."

Halafu nikasema posa imekubaliwa, na gemu itoke isitoke. Wazee wakamgeukia Mwanaisha. Mwanaisha kanyamaza. Kwetu mwari akinyamaza huhesabiwa ameridhia, basi mzee wa tatu akainua mikono aombe dua.

"Teremsha mikono, babu," asema Mwanaisha. "Nimenyamaza kwa hasira. Miezi mitano mwajadili vivuli, na mimi hajaniuliza mtu."

Wazee watatu wakatazama mkeka. Abdalla ndiye aliyesimama.

"Mwanaisha, wanitaka?"

"Nakutaka tangu mwaka juzi. Kaa chini."

Nikaha ni Ijumaa ya pili kutoka leo, inshallah. Gemu wameisukuma tena mpaka mwakani, na wazee wameniambia wataendelea kuja kila mwezi kunipa habari. Sikuwakataza.

Fundisho nililolipata nitalisema bila kulipamba. Nilimpima kijana wa watu kwa kipimo ambacho mimi mwenyewe sikukivuka. Adabu yangu ilikuwa yanipendeza mimi, aliye ndani haikumfaa.

Sasa naomba mchango wenu, hasa mnaozijua gemu za namna hii. Ikitoka kamili, kuna njia ya kumrudisha yule mtu wa mlango wa buluu? Hata kama ni ndefu, hata kama ni ya kuzunguka mji mzima, semeni. Muda ninao.

Na wale mtakaokuja kuniambia "nyanya anza upya tu", tusichoshane. Kuanza upya nitaanza. Lakini atakayekuwa nyuma ya ule mlango hapo ni mwengine. Yule wa kwanza nilimwacha mimi.