Ukurasa Nilioujaza kwa Kiswahili

Mlango wa skuli niliufikia mara mbili. Mara ya kwanza nilikimbia.

Mimi na mama tulikuwa na miezi miwili tu tangu tufike Maskati, tunakaa kwa ami yangu, mtaa wa Matrah. Unguja nilikuwa sekondari, mwaka wa pili, na sijapata kutoka katika watatu wa mwanzo. Hapa nilikuwa bubu. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni: kusoma nasoma, maana siijui. Binamu zangu wakinisemesha, nachekacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu akaona haya kusema.

Mwaka huo wa 1970 ikafunguliwa skuli ya wasichana, na ami akaturudia na sharti lao. Aliyepita miaka kumi na minne hapokelewi mpaka aweze darasa la nne, na mtihani ni kuandika Kiarabu. Mimi nilikuwa na kumi na sita. Nikishindwa ndiyo basi, nikae jikoni nichambue mchele mpaka nizeeke.

Siku ya mtihani mama alinifikisha konani akarudi. Nikachungulia ndani. Vitoto vya miaka minane, tisa, vinasoma kwa sauti maneno nisiyoyajua hata moja. Nikazunguka nyuma ya tangi la maji, nikajibanza pale juani mpaka watu walipotoka. Nyumbani nikasema mwalimu hakuja, mtihani umesogezwa.

"Alhamdulillahi," mama akanyanyua mikono. "Mungu kakuongezea siku za kudurusu."

Bora angenipiga.

Ami akapata khabari kwamba mtihani utakuwepo keshokutwa, na baada ya hapo hapana tena. Siku mbili zile sikudurusu kitu. Nilikuwa naomba niumwe. Homa ya kweli, ya kutapika. Daftari langu la siri lina neno moja tu kwa siku hizo, nimeliandika mpaka chini ya ukurasa: nitashindwa.

Safari hii mama aliingia na mimi mpaka uani, akakaa na kina mama wengine nje ya chumba, buibui lake jeusi peke yake katikati ya nguo zao za rangi. Mlangoni amekaa bawabu. Pa kukimbilia hapana.

Mwalimu, bibi mmoja wa Kishamu, kutoka Siria, akaandika mistari miwili ubaoni. Nikafahamu neno moja: *ana*, mimi. Wenzangu wakainama juu ya mkeka wakaandika. Karatasi yangu nyeupe.

Bibi yangu Unguja hakujua herufi za Kizungu. Barua zake zote nilimwandikia mimi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wangu akiusifu kwa majirani. Basi mkono ukaanza wenyewe. Nilijua kwamba si Kiarabu. Nilijua ni ujanja, na ujanja wa kijinga. Lakini mama yupo pale nje, nami siwezi kutoka na karatasi tupu. Nikaujaza ukurasa.

Mwalimu aliupokea akatabasamu kwa mwandiko. Kisha akakunja uso. Akajaribu kuusoma kwa sauti, wasichana wakaangua kicheko. Akamwita bawabu, mzee aliyekuwa na duka Pemba miaka mingi. Mzee akavaa miwani.

"Eee! Kiswahili hichi!" Na kwa furaha yake akasoma kama anaadhini: "Mimi naogopa. Juzi nilifika hapa nikajificha nyuma ya tangi. Nikamwambia mama mwalimu hakuja, na mama akamshukuru Mungu..."

Akashusha karatasi, akanitazama.

"Endelea," ilisema sauti ya nje. Ilikuwa ya mama.

"Mzee, basi, nakuomba," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Maji umeshayavulia nguo, mwanangu. Yaoge."

Akasoma mpaka mwisho, kisha akamfasiria mwalimu. Mwalimu akasema naye kwa muda, kisha mzee akanigeukia.

"Anasema la nne hukupata. Lakini atakuweka la pili mpaka baada ya Idi. Halafu umwandikie ukurasa huuhuu, maneno hayahaya, kwa Kiarabu. Ukishindwa, utakwenda zako."

Tulipopita soko mama akaniuliza.

"Nyuma ya tangi?"

"Ndiyo, mama."

"Na jua lote lile?"

"Ndiyo."

"Mjinga we," akasema, akanisogeza upande wa kivuli. Sikuthubutu kumtazama.

Sasa nakaa mkeka mmoja na mtoto wa miaka minane anayeniita khala, kama kwamba mimi ni dada wa mama yake. Idi imebaki wiki tatu, na ukurasa wangu nimeufikisha kwenye tangi tu. Usiku silali vizuri. Jana nilikwama kwenye "nikajificha". Nikakaa nalo asubuhi nzima, jasho linanitoka, kisha nikamgusa bega yule mtoto, nikajificha uso kwa shela ili afahamu, nikamuuliza linasemwaje.

Akacheka mpaka akalala mkekani. Halafu akanambia, nami nikaliandika.