Phelesia Alipanda Kwanza

Phelesia alikuwa mke wa Elkana, na aliuza nyanya sokoni Ndhiwa. Sisi majirani tulimwita nyar Uriri, binti wa Uriri, maana huko ndiko alikozaliwa. Upole wake ulipita kiasi. Mteja akizibonyezabonyeza nyanya zake hadi zikapasuka, Phelesia ndiye aliyeomba radhi. Nilimtania kwamba siku moja atamwomba radhi mwizi.

Basi mvua za mwaka jana zilipoanza, alichukua jembe akapanda mahindi kabla ya mama mkwe wake, Dorah. Kwetu Waluo mama hupanda kwanza. Ukimtangulia unajitafutia chira, ugonjwa wa kuvunja mwiko, unaokukausha hadi kaburini. Dorah alipomuuliza, Phelesia alicheka.

"Mama, kwani mvua ilikungoja?"

Kisha akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Aliwatupia wateja nyanya. Alilalamikia harufu ya kuungua pasipo na moto. "Ni chira," kijiji kizima kikasema, na ukibisha, mwehu ni wewe. Akanyweshwa manyasi, dawa za miti, hadi palizi ikaisha. Alizitapika. Nikikumbuka, nakasirika mpaka leo.

Alipoanguka kifafa ndipo Elkana akampeleka hospitali ya Homa Bay, kichwa kikapigwa picha.

"Alianza kubadilika lini?" daktari akauliza.

"Tangu apande kabla ya mama."

"Na kabla ya kupanda?"

 Elkana alikumbuka Desemba, Phelesia akicheka kwenye matanga ya mjomba wake, yeye aliyezoea kulilia hata wafu wa watu. Akakumbuka chai iliyotiwa chumvi.

"Uvimbe ulikuwa tayari kichwani," daktari akasema. "Ndio uliompeleka shambani. Mngemleta ukiwa mdogo, tungeutoa."

Tulimzika Agosti, mahindi yake yakiwa yamekomaa. Hakuna aliyeyagusa, mahindi ya chira, nani ayale? Asubuhi ya mazishi Dorah aliingia shambani peke yake, akavunja mahindi kikapu kizima, akayachemsha na maharagwe kwa ajili ya waombolezaji. Watu wakatazamana. Akajipakulia sahani ya kwanza, akaketi chini kando ya jeneza.

"Nyar Uriri, nisamehe," akasema. "Wewe uliniomba radhi kila siku bila kosa."

Akala huku akilia, mpaka sahani ikabaki tupu.